Wimbo Uliokuja kwa Dakika Arobaini

Prasannan alikuwa mtu wa kuhakiki kila jambo mara mbili. Kazi ndiyo iliyomzoesha. Alikuwa fundi katika maabara ndogo ya kupima damu pale Shoranur, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kubandika jina la mgonjwa huyu kwenye chupa ya yule. Lakini tabia hiyo ilimfuata hadi nyumbani. Alikuwa akifunga mtungi wa gesi, anatoka, anarudi kuutazama. Mkewe, Ajitha, alipenda kusimulia kwamba hata siku ya harusi yao alimsikia akihesabu kwa sauti ya chini mafundo matatu ya uzi wa ndoa aliokuwa akimfunga shingoni.

Muziki ndio uliompa nafasi ya kupumua. Hakuusomea. Alikuwa na kinanda kidogo cha umeme alichokiweka kwenye chumba cha juu cha maabara, penye makaratasi ya zamani, na saa ya chakula alipanda huko na kopo lake la wali akatunga. Tangu mwaka 2008 alikuwa mwanachama wa jukwaa moja la mtandaoni ambako watu wa kabila lake, Wamalayali, waliotawanyika duniani walitengeneza nyimbo zao wenyewe kwa lugha yao. Huyu analeta maneno, yule tuni, mwingine anaimba, mwingine anaweka ala. Wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Prasannan alikuwa na watu wake watatu. Maneno aliyapata kwa Mwalimu Thankam, mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyestaafu kufundisha na kuhamia kwa mwanawe Pune, ghorofa ya kumi, ambako mchana kutwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kimalayalam. Mwimbaji alikuwa Rinsy, muuguzi wa Muscat, aliyerekodi akiwa amejifungia ndani ya kabati la nguo na blanketi kichwani ili honi za barabarani zisiingie. Ala zote, kuanzia ngoma hadi filimbi, zilipangwa na Haneefa, mtunza stoo wa vipuri vya magari huko Sharjah. Mtu huyo hakuweza kuandika ujumbe wa mistari miwili bila kumtania mtu.

Mwaka mmoja jukwaa lilipanga kutoa nyimbo kumi kwa mkupuo asubuhi ya Onam, sikukuu yao ya mavuno. Zilichaguliwa na wanachama wenyewe kwa kura, na wimbo wa kundi la Prasannan uliwekwa wa kwanza kwenye orodha.

Tuni yake ilimjia mwezi Machi. Alikuwa akiosha vioo vya hadubini, maji yanatiririka, ghafla akajikuta anaimba kitu ambacho hakukijua. Akaacha vioo majini, akapanda juu, na baada ya dakika arobaini kiitikio na sehemu ya kati vilikuwa vimekamilika. Jambo kama hilo halikuwahi kumtokea. Wimbo wake wa kwanza ulimchukua miezi saba. Hata huu, sehemu ya mwisho ilimsumbua wiki mbili nzima, akafuta, akarudia, akafuta tena. Lakini ule mwanzo ulikuja kama mtu anayeingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Siku nne baada ya kuisikia, Mwalimu Thankam akatuma maneno kuhusu mwanamke anayerudi kwenye nyumba ya utotoni na kukuta hakuna aliyebaki wa kumwita kwa jina lake la udogoni. Rinsy alisema aliimba mara kumi na tisa kwa sababu kila akifika mstari wa tatu alikuwa analia, anaanza upya.

Siku kumi na mbili kabla ya Onam, Haneefa akatuma faili la mwisho, lililochanganywa na kusafishwa. Prasannan alikuwa amezoea kusikiliza kwa hedifoni. Siku hiyo furaha ilimzidi. Akaweka simu juu ya sinki la chumba cha kuoshea, akaufungulia wimbo uimbe wazi.

Kunjipennu, mfagiaji wa maabara, alikuwa akideki sakafu. Rinsy akaimba mstari wa kwanza wa kiitikio. Wakati huo huo mlango wa mbele ukagongwa, Prasannan akausimamisha wimbo aende kumpokea mgonjwa. Nyuma yake akamsikia Kunjipennu akiendelea. Alikuwa anaimba mstari wa pili, bila maneno, taratibu, huku dekio likienda na kurudi. Hakukosea sauti hata moja.

Prasannan alimtoa damu mgonjwa yule, akabandika jina, akalisoma mara mbili, kisha akalisoma mara ya tatu kwa sababu hakukumbuka kama alikuwa amelisoma. Aliporudi alimuuliza Kunjipennu wimbo ule ameusikia wapi.

"Si wa zamani huo?" alisema yule mama. "Wa zamani sana. Hata mimi naujua."

"Wa filamu gani?"

"Sasa bwana, mimi nitajuaje? Naujua tu."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na ilikuwa na sababu zaidi ya ile anayoweza kuwa nayo mtunzi yeyote.

Mwaka uliotangulia, mtunzi mmoja wa Kollam aitwaye Dileepan aliweka wimbo wake jukwaani. Watu waliusifu. Prasannan, kwa ile tabia yake ya kuhakiki, akahisi kitu, akatafuta, akagundua kwamba mistari miwili ilifanana kabisa na wimbo wa filamu ya miaka ya sitini. Akaziweka rekodi mbili sambamba ili kila mtu asikie. Dileepan alijitetea kwamba hakujua, kwamba labda aliusikia utotoni ukamkaa. Prasannan akamjibu mbele ya watu wote: "Asiyeweza kutunga akae chini awasikilize wanaoweza." Wanachama karibu mia wakaliunga mkono jibu hilo. Dileepan akafuta nyimbo zake zote kumi na moja, hata ambazo hazikuwa na kasoro, na jina lake likapotea jukwaani. Prasannan alilala usingizi mzuri siku ile. Aliona ametenda haki.

Sasa alianza kutafuta dhidi yake mwenyewe. Kila saa ya chakula alipanda juu na kusikiliza nyimbo za filamu za zamani, mwaka baada ya mwaka, akiziweka alama kwenye daftari. Alikwenda Ottapalam kwa mzee mmoja anayekusanya kanda, akamwimbia tuni ile bila kumwambia ni ya nani. Mzee alifumba macho, akatikisa kichwa, akasema inafanana na kitu lakini hakipati. Maneno hayo yalikuwa mabaya kuliko kama angesema anaijua. Wali ulirudi nyumbani ndani ya kopo kama ulivyotoka. Ajitha alimuuliza kama ni tumbo, akasema ndiyo, ni tumbo. Mkewe akampikia uji wa mchele siku tatu mfululizo, naye akaunywa kwa aibu.

Kwa wenzake hakusema neno. Rinsy alikuwa amewaambia wauguzi wa zamu yake wote waamke mapema siku ya Onam wasikilize. Mwalimu Thankam alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alikuwa amesema, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba hayo huenda yakawa mashairi yake mazuri ya mwisho kuandika kwa mkono wake. Prasannan alifungua ukurasa wa ujumbe mara nyingi, akaandika "Nina jambo," akafuta.

Kila asubuhi alimuuliza Kunjipennu kama amekumbuka. Siku ya tano yule mama akachoka.

"Bwana, ukiniuliza uliza unaufukuza. Niache. Ukitaka kuja utakuja."

Ukaja siku ya saba. Kunjipennu alifika kazini amelowa mvua, na kabla hata hajakung'uta mwavuli akasema ameupata. Alikuwa akimlaza mjukuu wake, mkono unampigapiga mgongoni, akagundua kwamba mkono wenyewe unafuata ule mdundo. Akakumbuka dirisha. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na moja, mama yake alikuwa akimtuma mchana kumchukua mdogo wake kwenye chekechea ya kiwanda cha vigae pale Chelappadam. Watoto walikuwa wamelala, hakuruhusiwa kuingia, basi alisimama nje ya dirisha akingoja waamke. Na ndani yaya alikuwa akiimba wimbo ule.

"Si wa filamu," alisema. "Ni wa yule yaya. Sijausikia kwingine."

Prasannan akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Wazazi wake walifanya kazi kwenye kiwanda kile kabla ya kuhamia Shoranur. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye chekechea ile mwaka mmoja, akiwa na miaka minne. Hakukumbuka chochote ila harufu ya mkeka uliolowa.

Alimuuliza kama yaya bado yu hai. Kunjipennu akasema hajui, angekuwa mtu mzima sana sasa, pengine ameshakufa. Na Prasannan, hili alilikiri baadaye kwa watu wachache tu, Ajitha akiwa wa kwanza, aliomba moyoni iwe hivyo. Maiti haidai kitu. Wimbo ungetoka siku ya Onam, Kunjipennu angeendelea kudeki, na hakuna mtu mwingine duniani angejua. Wazo lile lilimkaa kwa muda wa kama dakika mbili, likiwa tamu, kisha likamchukiza, akainuka akarudi kwenye chupa zake.

Jioni ile alimwambia mkewe kila kitu. Ajitha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa nini hakusema mapema, yeye aache kupika uji. Halafu akamwambia aende kumtafuta yaya.

Haikuwa rahisi, kwa sababu hakuna aliyejua jina lake. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, chekechea imegeuzwa ghala la saruji. Prasannan aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda skuta kwenye mvua, akauliza nyumba kwa nyumba pale Chelappadam. Wote walimkumbuka yaya. Mmoja alisema Yaya alimfundisha kufunga vifungo vya shati. Mwingine alisema Yaya alimponya woga wa radi. Jina lake? Wakatazamana. Yaya tu. Hatimaye mwenye duka la chai akamwelekeza kwa binti wa dada yake Yaya, ambaye aliishi naye nyuma ya hekalu, nyumba yenye lango la kijani.

Yaya alikuwa amekaa barazani akimenya muhogo. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani minene, na alimenya haraka bila kutazama kisu. Binti wa dada yake akamweleza kwamba mgeni aliwahi kuwa mtoto wa chekechea. Yaya akamtazama Prasannan toka juu hadi chini, akasema watoto walikuwa wengi, asitegemee akumbukwe.

Prasannan hakujua aanzie wapi. Akasema ana wimbo angependa ausikilize, akatoa simu. Akabonyeza vibaya mara mbili. Sauti ya Rinsy ikatoka, nzuri, pole pole, na filimbi za Haneefa nyuma yake. Yaya aliendelea kumenya. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Kiitikio kikapita, sehemu ya kati ikapita, ya mwisho ikaanza, na Prasannan akahisi tumaini linamwinukia kifuani, tumaini baya, kwamba mama huyu hautambui, kwamba Kunjipennu amechanganya mambo.

Yaya akaweka kisu chini.

"Nani kaupunguza mwendo hivi?" aliuliza. "Huu ni wa kulazia watoto ishirini na tatu, si wa kuzikia mtu."

Prasannan akazima simu. Akamweleza yote: jukwaa, Pune, Muscat, Sharjah, Onam. Akamweleza kwamba aliamini ameutunga mwenyewe. Akamweleza habari za Kunjipennu na lile dirisha. Yaya alisikiliza akiwa ameshika goti. Aliuliza wanalipwa kiasi gani. Prasannan akasema hakuna malipo, wimbo unatolewa bure, kila mtu anafanya kwa mapenzi yake. Mama yule akacheka hadi akakohoa, akamgeukia binti wa dada yake akamwambia asikie maajabu, watu wazima wanne wamehangaika nusu mwaka bila hata kikombe cha chai.

Kisha kicheko kikaisha.

"Nikuulize kitu. Kama huyo mfagiaji asingeujua, ungekuja hapa?"

Prasannan alikuwa ameandaa majibu mengi njiani. Jibu la swali hilo halikuwemo.

"Hapana," alisema. "Nisingejua kama nina wa kumtafuta. Na nilipojua, nilitaka uwe umekufa."

Binti wa dada yake akashtuka. Yaya akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu iliyo sawa.

"Haya. Angalau umesema. Na ile ya mwisho je? Ile si yangu. Umeitoa wapi?"

"Hiyo nimeitunga mimi."

"Inasikika," alisema Yaya. Akasafisha koo na kuimba. Ilikuwa sehemu ya tatu, ambayo Prasannan wa miaka minne hakuwahi kuisikia, pengine kwa sababu kila siku alikuwa ameshalala. Sauti ilikuwa imechakaa, pumzi zilimwishia katikati, na maneno yake yalikuwa upuuzi mtupu wa kitoto, habari za bata aliyepoteza kiatu. Lakini tuni ilipanda mahali ambapo Prasannan alihangaika wiki mbili kupatafuta na hakupapata. Aliomba ruhusa airekodi. Yaya akaiimba tena mara mbili, mara ya pili vizuri zaidi, na kwa hasira kidogo.

Alipouliza aandike jina gani, mama yule alichukua kisu chake tena.

"Devayani," alisema. "Usiandike Yaya. Yaya ilikuwa kazi."

Hadi hapo alikuwa amefanya lililo jepesi. Zilibaki siku nne.

Wa kwanza kumpigia alikuwa Haneefa, kwa sababu ndiye mwenye faili. Haneefa hakuamini, kisha akatania, na utani ulipokwisha akakasirika. Alisema tuni za kulazia watoto ni za kila mtu, zinaelea hewani, nusu ya nyimbo za filamu zimetoka huko. Alisema Prasannan amezoea kupima damu za watu hata sasa anaupima wimbo na kuutafutia ugonjwa. Alisema aliacha kazi ya ziada ya siku za Ijumaa mwezi mzima kwa ajili ya zile filimbi.

"Anayejua ni mfagiaji mmoja na bibi mmoja," alisema. "Weka jina lake chini kwa maandishi madogo, tuendelee. Onam ni Ijumaa, ndugu yangu."

"Nilimfanyia nini Dileepan?" Prasannan aliuliza.

Haneefa alilikumbuka jibu lile. Hata yeye alikuwa mmoja wa wale karibu mia walioliunga mkono. Akasema ataliondoa faili kwenye orodha, na akakata simu bila kuaga.

Rinsy alipata habari akiwa zamuni. Hakusema mengi, alikuwa na mgonjwa. Aliuliza tu kama atalazimika kuimba upya. Prasannan aliposema ndiyo, Rinsy akasema, "Sawa kaka," kwa sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa zamu imeongezwa.

Mwalimu Thankam alimwacha wa mwisho kwa sababu alimwogopa zaidi. Alipopiga, mwalimu alidhani kuna msiba. Alimwacha aeleze yote bila kumkatiza. Aliuliza amelijua jambo hili tangu lini. Prasannan akasema ameshuku kwa siku nane.

"Siku nane," alisema mwalimu. "Prasannan, mimi nimefundisha miaka thelathini na tatu. Aliyeiba namjua, na aliyekaa kimya namjua. Wewe hukuiba. Ulikaa kimya, na kila siku nilikuwa nakuandikia nakuuliza kama ule mstari wa tatu uko sawa, nawe unanijibu uko sawa."

Mwalimu akasema anahitaji kulala kidogo, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi. Hakupokea simu siku iliyofuata, wala siku iliyofuata hiyo, na hizo mbili zilikuwa mbaya kwa Prasannan kuliko nane za mwanzo. Kazini alirudia kila kipimo. Mwenye maabara akamuuliza kama anaumwa, akasema ndiyo.

Siku moja kabla ya Onam aliandika jukwaani. Alieleza jinsi ilivyokuwa, akataja jina la Devayani, akamtaja Kunjipennu, akasema wimbo umeondolewa, na akaandika kwamba maneno aliyomwambia Dileepan mwaka uliopita anayaona sasa yanamhusu yeye. Alipokwisha kubonyeza kutuma, hakuthubutu kukaa mbele ya kompyuta. Alikwenda kumsaidia Ajitha kuchagua maua ya kupamba uwanja wa mbele, akayachanganya meupe na ya njano hadi mkewe akamfukuza.

Majibu yalikuwa kama alivyoogopa, na mengine hayakuwa. Wapo waliompa pole. Wapo waliosema haya ni maonyesho, anajitafutia sifa kwa njia nyingine. Mtu mmoja akalibandika lile jibu lake la zamani, "Asiyeweza kutunga akae chini awasikilize wanaoweza," neno kwa neno, bila kuongeza kitu. Mwingine akafanya vivyo hivyo, na mwingine. Hadi jioni lilikuwa limebandikwa mara thelathini na nne. Alilisoma kila lilipobandikwa, lote. Aliona hana haki ya kuruka hata moja.

Onam ikapita na nyimbo tisa. Prasannan alikula wali na mboga zote kwenye jani la mgomba pamoja na familia, akafungua nyimbo za wenzake moja moja, akaziandikia pongezi.

Mwalimu Thankam alipiga wiki moja baadaye. Hakumsalimu. Alisema amemwomba mjukuu wake amchezee ile rekodi ya sehemu ya tatu tena na tena, na kwamba mashairi yake ya ubeti wa mwisho hayakai pale, silabi mbili zinabaki nje. Atayaandika upya. Alitaka pia kujua yule bata alikipata kiatu chake au hakukipata, kwa sababu rekodi imekatika. Prasannan ilibidi arudi Chelappadam kuuliza. Bata hakukipata.

Wimbo ulitoka Januari. Haneefa alizipunguza filimbi na kuuongeza mwendo, akilalamika kila hatua, ila kazi aliifanya. Palipoandikwa mtunzi wa tuni liliwekwa jina la Devayani peke yake. Prasannan hakujiandika popote, na Mwalimu alipombishia akasema aandikwe kama aliyeuleta. Wiki ya kwanza ulisikilizwa na watu mia nne na kumi na wawili. Binti wa dada ya Devayani alisema mama yake mkubwa alimwambia auweke tena wakati jirani amekuja kuazima nazi.

Kwa Dileepan alikuwa ameandika barua pepe mwezi Septemba, baada ya Onam ile. Ilimchukua siku tisa kuiandika, na ilipokamilika ilikuwa na mistari sita. Aliomba radhi, akasema anaamini kwamba hakujua, akasema nyimbo zile nyingine kumi zilikuwa nzuri na zilistahili kubaki. Kila asubuhi alifungua sanduku la barua kabla ya chai. Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Dileepan aliandika kwamba ameisoma, kwamba sasa anauza simu na hapigi tena muziki, na kwamba asiandikiwe tena. Prasannan alitii. Ajitha alimuuliza kama amekasirika. Alisema hapana, alikuwa akitazama tu jinsi barua ilivyo fupi.

Mwezi Mei Mwalimu Thankam, ambaye sasa alikuwa amepasuliwa jicho moja na kusema dunia imekuwa na rangi kali mno, alituma mashairi mapya. Safari hii maneno yalitangulia tuni. Prasannan aliyabandika ukutani pale juu, penye kinanda. Kila saa ya chakula alijaribu. Kila tuni iliyomjia kirahisi aliishuku, akaipiga taratibu, akajiuliza ni ya nani. Nyingi aliziacha. Mwalimu alimuuliza mara moja amefika wapi, naye akamwambia ukweli, kwamba ana mistari miwili tu na hana uhakika nayo. Mwalimu akasema amtumie hiyo miwili. Akaituma, na siku ile akala wali wake wote.